Punda wa Nyashimo Hana Kadi ya Mpiga Kura

Anayesafiri kwa basi kutoka Mwanza kwenda Musoma hupita Nyashimo, makao makuu ya Wilaya ya Busega, na mara nyingi hupita tu. Kushoto kwake, si mbali, kuna Ziwa Victoria. Kulia kuna mashamba ya pamba na mahindi, na malisho ya ng'ombe. Akiendelea kaskazini atafika Lamadi, na muda mfupi baadaye lango la Ndabaka, ambako Hifadhi ya Taifa ya Serengeti inaisogelea kabisa barabara kuu. Ni kipande kifupi cha nchi, lakini ndani yake wamo wanyama watatu wenye historia tatu za kisiasa: ng'ombe anayeswagwa kwenda mnadani, tembo anayetoka hifadhini usiku kuingia shambani, na punda abebaye maji na magunia mchana kutwa bila kutajwa na mtu.

Swali la makala haya ni hili: kwa nini hapa kwetu hakijazaliwa chama kidogo cha kijani kinachosimama kwa ajili ya wanyama, kama kilivyozaliwa kwingine? Wapo wanaojibu haraka kwamba sisi ni maskini, na kwamba mwenye njaa hana nafasi ya kufikiria maumivu ya mnyama. Jibu hilo ni la uvivu, na historia inalikanusha. Wanyama wamekuwa ndani ya siasa za Usukuma tangu kabla ya Uhuru. Ng'ombe walichangia kuangusha sera ya wakoloni, na katika zama zetu operesheni ya kuwalinda tembo iliwaondoa mawaziri wanne kwa siku moja. Siasa ya wanyama tunayo, na ni ya siku nyingi. Mnyama mwenyewe ndiye hayumo. Kila alipoingia, aliingia akiwa mali: mali ya kaya au mali ya dola. Hoja yangu ni kwamba historia hiyo ya umiliki, kuliko umaskini wetu, ndiyo inayoeleza kwa nini chama cha namna hiyo hatuna, na ndiyo itakayoamua kama kinaweza kuota mizizi mahali kama Nyashimo.

Chama kilichozaliwa bandani

Tuanze mbali, kwa kuwa chama chenyewe kilizaliwa mbali. Uholanzi ni nchi ndogo yenye mifugo mingi mno kwa eneo lake. Mwaka 1997 homa ya nguruwe ililipuka katika mabanda yake, na hadi ilipodhibitiwa nguruwe zaidi ya milioni 10 walikuwa wameuawa, wengi wao wakiwa hawana ugonjwa wowote. Mwaka 2001 ukafuata ugonjwa wa miguu na midomo. Wananchi waliozoea kununua nyama ikiwa tayari imekatwa na kufungwa waliona kwenye televisheni mizoga ikiinuliwa kwa mitambo, na baadhi yao wakajiuliza ni nani bungeni aliyekuwa akivisemea viumbe vile. Oktoba 2002 kundi dogo, likiongozwa na Marianne Thieme, lilianzisha Partij voor de Dieren, maana yake Chama kwa Ajili ya Wanyama.

Wengi walikicheka. Uchaguzi wa 2003 kilitoka mikono mitupu. Novemba 2006 kikapata asilimia 1.8 ya kura, na kwa kura hizo kikaingiza wabunge wawili katika bunge la viti 150. Huo ulikuwa mwanzo wa jambo jipya duniani: chama kilichojengwa juu ya haki za wanyama kukaa katika bunge la taifa. Mwaka 2021 kilifikisha viti sita. Mwaka 2023 kikarudi kwenye vitatu. Thieme alijulikana kwa desturi ya kufunga kila hotuba yake, hata kama mjadala ulihusu kodi au barabara, kwa kukumbusha kwamba ufugaji wa viwandani hauna budi kukomeshwa.

Chama hicho hakijawahi kukaribia kuunda serikali. Kazi yake imekuwa kuwalazimisha wakubwa wajibu swali ambalo wangependa lisiulizwe. Juni 2011 muswada wake wa kutaka kila mnyama apoteze fahamu kabla ya kuchinjwa ulipita katika baraza la chini kwa kura 116 dhidi ya 30. Waislamu na Wayahudi, ambao ibada yao ya kuchinja ingeguswa, walisimama pamoja kuupinga, na mwaka uliofuata Seneti iliukataa. Chama chenye viti viwili kilikuwa kimeifanya nchi nzima ijadili mpaka kati ya uhuru wa dini na maumivu ya mnyama.

Msomaji wa Kanda ya Ziwa atalielewa uzito wa mjadala huo kuliko anavyodhani. Februari 2013 ugomvi kuhusu nani mwenye haki ya kuchinja ulizua ghasia Buseresere, mkoani Geita, na mchungaji mmoja akauawa. Viongozi wa serikali na wa dini walizunguka kutuliza hali, na walifanya vyema. Lakini katika mjadala ule mzima wa nani ashike kisu, sikumbuki kusikia mtu akiuliza habari za yule anayekatwa na kisu.

Kijani cha jirani zetu

Afrika Mashariki si ngeni kwa vyama vya kijani. Kenya ilipata chama chenye jina la Kiswahili, Mazingira Green Party of Kenya, na jina hilo haliwezi kutenganishwa na Wangari Maathai. Alikuwa ameanzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka 1977 kwa miche ya miti na mikono ya wanawake wa vijijini. Mwaka 1989 alipambana na mpango wa kujenga jumba refu katika bustani ya Uhuru, Nairobi, na mwishoni mwa miaka ya tisini akapigania msitu wa Karura. Mwaka 1997 aligombea urais kwa tiketi ya Liberal Party of Kenya na kushindwa vibaya. Chama hicho ndicho kilichobadilishwa baadaye kuwa Mazingira.

Hapa pana funzo kwa wanaharakati. Mwaka 2002 Maathai aliingia bungeni kutoka Tetu kwa asilimia 98 ya kura, lakini aliingia kwa mwavuli wa muungano mkubwa wa NARC. Mwaka 2004, akiwa naibu waziri, alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kuipata. Mwaka 2007 alisimama kwa tiketi ya chama chake cha kijani, na watu wa Tetu wale wale wakamwacha. Katika uchaguzi huo Mazingira kilipata kiti kimoja tu, cha Imenti Kaskazini. Dunia nzima ilikuwa imempa heshima yake. Jimbo lilitaka mtu wa chama kinachogawana serikali.

Rwanda nayo ina Democratic Green Party, kilichoanzishwa mwaka 2009 chini ya Frank Habineza. Mwaka 2010 makamu wake wa rais, André Kagwa Rwisereka, alikutwa ameuawa, na Habineza akaishi uhamishoni kwa muda. Usajili ulipatikana mwaka 2013. Mwaka 2018 chama kikapata viti viwili bungeni. Katika nchi zote mbili, kijani kilimaanisha kwanza uhuru wa kusema, kisha miti, maji na ardhi. Wanyama walikuja nyuma ya foleni.

Masharti ya kuingia uwanjani

Kwetu Tanzania mlango wa kwanza ni sheria. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992, iliyoturudisha kwenye mfumo wa vyama vingi, inataka chama kinachoomba usajili wa kudumu kiwe na wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa kati ya mikoa isiyopungua 10, ikiwemo miwili ya Zanzibar, mmoja wa Unguja na mmoja wa Pemba. Sharti hilo lilikuwa na busara yake: kuzuia vyama vya kabila, dini au eneo moja. Lakini lina matokeo mengine. Watu wa Busega, Bunda, Meatu na Serengeti, wanaoshiriki tatizo moja la kuishi kando ya hifadhi moja, hawawezi kuunda chama cha tatizo lao. Wala hawawezi kumsimamisha mgombea binafsi, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua mwaka 2013, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba zuio hilo linakiuka Mkataba wa Afrika.

Mlango wa pili ni hesabu. Uholanzi huhesabu kura za nchi nzima na kugawa viti kwa uwiano, hivyo asilimia 1.8 iliyotawanyika ina thamani. Sisi tunachagua mbunge kwa jimbo, na anayeongoza hata kwa kura moja huchukua kiti. Asilimia 1.8 iliyotawanyika kutoka Kagera hadi Mtwara ni sawa na sifuri. Tumewahi kusajili hata chama kilichojiita cha wakulima, katika nchi ambayo wakulima ndio wengi, na bado bunge halikujaa wabunge wake. Chama cha wanyama kingetarajia nini?

Hata hivyo sheria na hesabu havielezi kila kitu. Vyama vingi visivyo na tumaini la kiti vimesajiliwa na vinaendelea kuishi. Sababu iliyo ndani zaidi tutaipata tukiwarudia wanyama wetu watatu.

Ng'ombe: mali ya kaya

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma. Wataalamu waliona ardhi imechoka, watu wameongezeka na ng'ombe wamezidi kiasi. Zikatungwa amri ndogo ndogo, nyingi zikipitishwa kwa jina la machifu wa shirikisho lililokuwa na makao yake Malya: lima kwa matuta yaliyofungwa, mwaga samadi shambani, hama kutoka huku kwenda kule, na punguza mifugo yako. Asiyetii alitozwa faini au kufungwa.

Katika amri zote hizo, ya kupunguza mifugo ndiyo iliyouma zaidi. Kwa Msukuma ng'ombe alikuwa akiba ya benki, mahari ya kijana, bima ya mwaka wa njaa na heshima ya mzee. Kumbukumbu ya sotoka ya miaka ya 1890, iliyofagia mazizi ya Afrika Mashariki karibu yote, haikuwa imefutika: mwenye ng'ombe wengi alibakiwa na wawili, mwenye wawili alibaki na fimbo. Kumwambia mtu kama huyo apunguze mifugo kwa hiari ya bwana shamba kulikuwa kumwambia abomoe ukuta wa nyumba yake akiwa ndani.

Chuki hiyo ndiyo iliyopata sauti kupitia Sukuma Union na vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba, ambavyo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake mashuhuri, kisha kupitia TANU. Chama hicho kilizaliwa Julai 1954, na kabla mwaka haujaisha serikali ilikuwa imekinyima nafasi Usukuma. Marufuku hiyo ilidumu hadi 1958. Mwaka huo huo wa 1958 wananchi wa Geita waliandamana hadi Mwanza kupinga mabaraza waliyolazimishwa, na mfumo mzima wa kuamrisha maendeleo ukaporomoka. Ni halali kabisa kusema kwamba ng'ombe walikuwa miongoni mwa waliojenga TANU katika Kanda ya Ziwa.

Lakini tutazame jinsi walivyojenga. Bwana mifugo alimwona ng'ombe kama tarakimu iliyozidi uwezo wa malisho. Mfugaji alimwona kama utajiri unaotaka kuporwa. Mfugaji alikuwa na haki katika ugomvi ule, na pia alimjua ng'ombe wake kwa rangi, kwa jina na kwa sauti, jambo ambalo bwana mifugo hakulijua. Upendo huo ulikuwepo zizini. Ulipofika kwenye mkutano wa hadhara uligeuka kuwa madai ya mali, kwa kuwa mkoloni hakuelewa lugha nyingine.

Tembo: mali ya dola

Historia ya mnyamapori ilikwenda njia nyingine. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya kudhibiti uwindaji na kutenga maeneo ya kwanza ya akiba. Waingereza waliendeleza. Mwindaji wa Kisukuma, ambaye jamii yake ilikuwa na vyama vyake vya ufundi kama Bayeye wa nyoka na Banunguli wa nungunungu, alijikuta amekuwa jangili katika pori la babu yake, huku mgeni mwenye leseni akiitwa mwanamichezo. Serengeti ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Mwaka 1959 mipaka yake ilichorwa upya, Ngorongoro ikatengwa, na Wamasai wakatakiwa kuondoka katika nyanda zilizobaki hifadhini.

Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa tamko linalojulikana kama Azimio la Wanyamapori la Arusha, akiahidi kwamba taifa jipya lingewatunza wanyama hao kama amana ya vizazi vijavyo. Ni waraka wenye heshima yake. Lakini Mwalimu, kwa unyofu wake, ananukuliwa pia akikiri kwamba yeye binafsi hakuvutiwa sana na wanyama wala hangependa kumaliza likizo akitazama mamba. Aliona tu kwamba baada ya almasi na mkonge, wanyamapori ndio wangeiletea Tanganyika fedha nyingi. Almasi zenyewe zilikuwa Mwadui, kusini kidogo ya Simiyu ya leo. Hivyo tembo aliorodheshwa pamoja na jiwe na jani: rasilimali.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 inasema waziwazi kwamba wanyamapori wote ni mali ya umma, na wamekabidhiwa kwa Rais awe mdhamini wao kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo, kwa maana ya kisheria, tembo wa Serengeti ana msemaji mmoja tu, naye yuko Ikulu. Mwanakijiji wa Busega ni mmoja wa wenye mali kwa maandishi, lakini mali hiyo ikimvamia shambani hana analoweza kuiamuru. Ndiyo maana vijijini utasikia watu wakisema "tembo wa serikali", kama mtu anavyosema gari la serikali.

Kanuni za mwaka 2011 ziliweka malipo kwa anayedhuriwa. Tuyatazame majina yake. Anayeharibiwa mazao hulipwa kifuta jasho. Anayefiwa hulipwa kifuta machozi, ambacho kanuni hizo zilikiweka kuwa shilingi 1,000,000 kwa uhai wa mtu. Neno fidia limekwepwa kwa makusudi, kwa sababu fidia huambatana na wajibu, na wajibu huweza kudaiwa mahakamani. Kifuta machozi ni leso. Mtu akishapewa leso pale alipostahili haki, usimtarajie amhurumie tembo.

Mwaka 2013 uhusiano huo ulipasuka mbele ya taifa zima. Ujangili ulikuwa wa kutisha: hesabu za serikali zilionyesha tembo wapatao 109,000 mwaka 2009, na mwaka 2014 wakabaki takriban 43,000. Oktoba 2013 serikali ilianzisha Operesheni Tokomeza. Ndani ya wiki chache bunge lilijaa malalamiko ya mateso, vifo na ng'ombe kuuawa kwa risasi au kutaifishwa, na operesheni ikasitishwa. Kamati ya Bunge ya Ardhi, Maliasili na Mazingira, chini ya James Lembeli wa Kahama, ilichunguza. Tarehe 20 Desemba 2013, baada ya taarifa yake kusomwa, mawaziri wa maliasili, ulinzi, mambo ya ndani na mifugo waliondoka madarakani.

Nakumbuka hisia za siku ile. Wabunge wa wafugaji walizungumza kwa uchungu wa kweli na walistahili kusikilizwa. Serikali ilikuwa imesema kwa niaba ya tembo kwa kuwaumiza watu. Bunge likasema kwa niaba ya watu, na tembo, ambao bado walikuwa wakiuawa, wakasahauliwa hadi kikao kingine. Hapakuwa na mtu mmoja mle ndani ambaye kazi yake ilikuwa kukataa kwamba lazima tuchague upande. Kazi hiyo ndiyo ambayo chama kidogo cha kijani kingekuwa nayo.

Punda: mali isiyo na mtetezi

Tumebakiwa na punda. Yeye hana utalii wala mahari. Lugha yetu yenyewe imemhukumu: shukrani yake ni mateke, na afe ilimradi mzigo ufike. Lakini ni punda aliyetupa mfano wa karibu zaidi wa sheria inayomtazama mnyama kama mnyama.

Mwaka 2008 Bunge lilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama. Ni sheria ambayo watumishi wengi wa halmashauri hawajawahi kuifungua, nayo inatamka jambo zito: kwamba mnyama ni kiumbe mwenye hisia, na kwamba namna jamii inavyomtendea ni kipimo cha ukomavu wake. Inakataza kumpiga kwa ukatili, kumbebesha kupita kiasi na kumnyima chakula na maji. Kwa maandishi, punda anayechapwa kwa waya kwenye mteremko ana sheria.

Kisha ikaja biashara ya ngozi. Nchini China ngozi ya punda huchemshwa kutengeneza ejiao, dawa na kirutubisho cha asili, na punda wa huko walipopungua wanunuzi waligeukia Afrika. Machinjio mawili ya biashara hiyo yalifunguliwa Tanzania, moja Shinyanga na jingine Dodoma. Punda jike hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja. Hakuna namna ya kumzalisha kwa kasi ya kuku. Hivyo mahitaji yalipopanda, bei ilipanda, na baada ya bei ukaja wizi. Mama aliyeamka na kukuta kamba imekatwa aligundua kwamba ndoo za maji sasa zingerudi kichwani pake.

Mwaka 2017 serikali ilizuia uchinjaji huo, baadaye ukarejea. Mei 2022 Waziri wa Mifugo na Uvuvi, Mashimba Ndaki, ambaye wakati huo alikuwa mbunge wa Maswa Magharibi katika mkoa huu huu wa Simiyu, alitangaza kufungwa kwa machinjio hayo na zuio la miaka 10. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakiwa Addis Ababa, waliridhia zuio la bara zima la miaka 15.

Hapakuwa na chama cha siasa nyuma ya ushindi huo. Yalikuwepo mashirika ya ustawi wa wanyama yenye ushahidi, na walikuwepo wananchi wa kawaida wenye hasara. Wa kwanza walisema punda anateseka. Wa pili walisema punda wangu ameibwa. Sauti hizo mbili zilikutana, na kwa kukutana kwake zikatosha. Kwa tembo hazijakutana bado, kwa sababu anayesema tembo anateseka na anayesema tembo amekula mahindi yangu wanakaa pande mbili za mpaka wa hifadhi, kila mmoja akimwona mwenzake adui.

Kingefanya nini Nyashimo?

Simwombi msomaji aandikishe chama kesho. Napendekeza tujue kingefaa kwa lipi, na kingeharibika vipi.

Kingeharibika endapo kingezaliwa mjini, kwa fedha za wageni, na kufika Nyashimo kikiwa na mabango ya picha za simba. Watu wangekitambua mara moja: ni mpaka mwingine wa hifadhi, safari hii umevaa fulana ya kijani. Na wangekuwa na haki kukikataa, kwani tangu Wissmann kila aliyekuja kwa jina la mnyama alikuja na orodha ya makatazo. Si mbali na Busega, wakazi wa kata ya Nyatwali wilayani Bunda wametakiwa kuhama ili wanyama wapate njia ya kufika ziwani. Huenda tembo walihitaji njia hiyo. Lakini anayemtetea tembo bila kusimama pia na yule anayefungasha vyombo vyake anamwandalia tembo maadui wapya.

Kingefaa endapo kingeanza na maswali ya kawaida ambayo diwani yeyote, mwanafunzi yeyote au ofisa mifugo yeyote anaweza kuyauliza leo bila kadi ya chama. Sheria ya 2008 imetengewa fedha kiasi gani katika bajeti ya halmashauri, na ni nani wilayani mwenye jukumu la kuisimamia? Ng'ombe wanaosafirishwa kutoka minada ya Simiyu kwenda Dar es Salaam hukaa saa ngapi kwenye lori bila maji? Kwa nini malipo ya shamba lililoliwa na tembo yaendelee kuitwa kifuta jasho wakati sheria imesema tembo ni mali ya umma, na mwenye mali hulipa hasara iliyosababishwa na mali yake? Zuio la punda litakapokwisha mwaka 2032, ni nani atakayekumbuka kwa nini liliwekwa?

Maswali hayo hayamtengi mnyama na mtu anayeishi naye, na hapo ndipo yanapotofautiana na historia yote niliyoieleza. Waholanzi walilazimika kuunda chama kwa sababu walikuwa wamemsahau mnyama; alikuwa amefungiwa bandani mbali na macho yao. Mtu wa Nyashimo hajamsahau. Anamwona kila siku, anamlisha, anamwogopa, anamfukuza usiku kwa debe na tochi. Ujuzi huo ndio mtaji ambao Thieme hakuwa nao, na ambao vyama vyetu vyote 19 vilivyosajiliwa, vikubwa kwa vidogo, havijawahi kuuomba.

Msimu wa kampeni ukifika, misafara itapita tena barabara ile ya Mwanza na Musoma. Vipaza sauti vitaahidi majosho, malambo, bei ya pamba na mipaka ya hifadhi isogezwe. Punda atasimama pembeni na madumu yake akisubiri magari yapite. Inatosha kwa kuanzia kama mtu mmoja katika mkutano atanyanyua mkono na kumuuliza mgombea kama amewahi kuisoma Sheria Namba 19 ya mwaka 2008.